Wawili Wawili: Jamaa ya Katanga, kutoka Ruwe hadi Likasi

Anayeandika historia ya shule huomba daftari la kwanza la majina. Anayeandika ya hospitali huonyeshwa jiwe la msingi na picha ya daktari wa kwanza. Jamaa ya Katanga, kundi la Wakatoliki wenye ndoa kusini mwa Kongo, haina daftari wala jiwe. Haikujengwa juu ya ofisi, katiba, kadi wala mweka hazina, na aliyeianzisha hakutaka ijengwe hivyo. Kwa zaidi ya miaka 70 imekaa katika vyumba vya mbele vya nyumba za wachimbaji na mafundi wa shaba, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na masijala yake ni vinywa vya watu. Mwana-Jamaa akiulizwa habari za imani yake hutaja ukoo: baba yupi na mama yupi waliomzaa katika Jamaa, hao nao walizaliwa na akina nani, na wale wa juu yao na akina nani, mpaka mlolongo ufike kwenye nyumba za wafanyakazi za Ruwe, mwaka 1953. Katika mlolongo huo hatajwi mtu peke yake. Ni baba na mama, tena baba na mama, hadi mwanzo.

Hapo ndipo ninapoona jambo lililoifanya Jamaa iwe Jamaa. Tumezoea kusimuliwa wito kama habari ya mtu mmoja: kijana aliyesikia sauti akaingia seminari, binti aliyewakatalia wachumba akaenda kwa masista. Watu wa migodi ya Katanga waliitwa kwa namna nyingine. Waliitwa mume na mke kwa mara moja, mtoto akiwa mgongoni, king'ora cha zamu kikiwasubiri alfajiri. Mume akiitikia bila mke alikuwa bado hajaitikia. Mke akitangulia, alimngoja.

Kuielewa Jamaa hiyo kunahitaji kwanza kuuelewa mji. Likasi, pamoja na komuni zake za Kikula, Panda na Shituru, ni mtoto wa shaba. Hadi 1966 iliitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliweka Panda na Shituru mitambo ya kusafishia madini, na mwaka 1929 Shituru ikaanza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme. Kwa vizazi kadhaa mtu wa Likasi ameijua saa kwa king'ora na ameujua upande wa upepo kwa harufu ya tindikali.

Mwanzoni kampuni ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na ikawatoa mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa maradhi, wengi walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wakabadili shauri. Mfanyakazi aje na mkewe. Apewe nyumba katika kampi. Apewe posho yake, ya mke na ya watoto. Watoto wasomeshwe na misheni. Katika vitabu vya kampuni ndoa ilikuwa dawa ya kumfanya mtu asiondoke. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na mkuu wa kampi alijua nani amelala wapi.

Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kudai mishahara, Jadotville na Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), na mjini Elisabethville askari wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika uwanjani. Watu walikufa kwa makumi. Baada ya hapo ni nani angeshangaa kuwasikia wazee wakisema juu ya mafiga matatu chini ya chungu kimoja: Bula Matari, ndiyo serikali, kampuni, na misheni? Kanisa la Katanga lilikuwa mikononi mwa Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne tangu 1910, mtu mwenye bidii na mwenye mkono mzito, na kampuni ndiyo iliyojenga shule na makanisa mengi ya kampi. Muumini aliyepiga magoti Jumapili alijua bati lililo juu ya kichwa chake limetoka ghala lipi.

Placide Tempels alikuja akiwa mtu wa figa hilo la tatu, misheni. Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, akaingia shirika la Wafransisko, akapewa upadri 1930, akafika Kongo 1933. Kwa miaka kama kumi alizunguka katika vijiji vya Waluba. Habari za miaka ile alizisimulia mwenyewe katika kijitabu chake cha 1962, Notre rencontre, na hakujipendelea: alikuwa bwana. Aliamuru, alifundisha, alikemea. Watu walimwitikia vizuri, kisha wakarudi nyumbani kuendelea na maisha ambayo yeye hakuyajua. Siku moja hali hiyo ikamlemea, akaacha kusema akaanza kuuliza.

Matunda ya kuuliza kule yakawa kitabu kilichomtangaza duniani. La philosophie bantoue kilitoka Elisabethville mwaka 1945, kikiwa kimefasiriwa kutoka Kiholanzi na mwanasheria Antoine Rubbens. Kilisema kwamba Mbantu anapofikiri juu ya kuwapo, anafikiri juu ya nguvu. Kwamba uhai wa mtu huongezeka au hupungua kwa jinsi anavyofungamana na wengine, walio hai na waliotangulia. Leo tunaona maneno hayo ya kawaida. Wakati ule yalikuwa moto. Askofu de Hemptinne alikishtaki kitabu pamoja na mwandishi wake huko Roma, na mwaka 1946 Tempels akarudishwa Ulaya. Aliruhusiwa kurudi Kongo 1949, mwaka uleule Msenegali Alioune Diop alipokichapisha kitabu upya Paris kupitia Présence Africaine.

Si Waafrika wote na watu weusi wote waliokipokea kwa vigelegele. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikitia kitanzini katika Discours sur le colonialisme: mnachukua mali yao, uhuru wao, nchi yao, na mnachowarudishia ni heshima kwa falsafa yao! Shutuma hiyo ni ya haki, na mtu anayeipenda Jamaa asiiruke. Shaba ya Shituru ilikwenda Ubelgiji wakati padri akiandika juu ya nguvu ya uhai. Ila Césaire alikuwa akisoma kitabu, na kitabu kiliishia 1945. Yaliyofuata hayakuandikwa kwa kalamu.

Mwaka 1953 Tempels alikuwa padri wa wafanyakazi huko Ruwe, kampi ya Union Minière pembeni mwa Kolwezi, mwendo wa karibu kilomita 180 kutoka Likasi. Hakuunda chama. Alikwenda majumbani jioni, akakaa, akauliza: ninyi ni watu wa namna gani, na mnatamani nini hasa? Waliomjibu hawakuwa watu wa vijijini tena. Walikuwa waendesha mitambo, maseremala, makarani, na wake zao. Watu waliotoka pande kumi za nchi, waliokutanishwa na hati ya ajira, wasio na mzee wa ukoo karibu wa kuwaamua wala bibi wa kuwafunda. Majibu yao yalikusanywa katika maneno matatu ya Kiswahili, na maneno hayo ndiyo msingi wa Jamaa hata leo: uzima, uzazi, mapendo.

Niruhusiwe kukaa kidogo na maneno haya, maana sisi wa lugha hii tunayapita kila siku bila kuyatazama. Uzima wetu una vyumba viwili. Kimoja ni uhai na afya: tunaulizana, "U mzima?" Kingine ni utimilifu: mkate mzima, mtu mzima, siku nzima. Kwa hiyo anayetaka uzima hataki tu asife; anataka asiwe kipande. Katika lugha nyingi mhubiri anayetaka watu wamfuate Kristo bila kubakiza kitu analazimika kutafuta msemo mrefu. Watu wa Ruwe walikuwa nalo tayari, neno moja.

Uzazi ulikuwa na uchungu wake. Kampi ilihesabu watoto kwa sababu ya posho, ukoo ulihesabu watoto kwa sababu ya jina, na mwanamke ambaye hakuzaa alihesabiwa na wote wawili akaonekana pungufu. Jamaa ililichukua neno hilo ikalipanua: mtu huzaliwa pia kwa neno, kwa kusikilizwa, kwa kupokelewa nyumbani mwa wengine usiku baada ya usiku mpaka aseme yaliyomo moyoni. Mume na mke wasio na mtoto wa tumbo waliweza kuwa baba na mama wa nyumba nzima nzima. Sijui faraja nyingine iliyowahi kuingia katika kampi zile ikaligusa jeraha hilo moja kwa moja namna hii.

Na mapendo. Pwani tunasema upendo, au mapenzi tukiwa na maana nyingine. Katanga husema mapendo. Wanaisimu watakuwa na maelezo yao kuhusu ngeli. Mimi nikisikia ule wingi nasikia kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya peke yake.

Hata jina lenyewe linahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambako jamaa amekuwa mtu yeyote tu: "Kuna jamaa amekuja kukuulizia." Kule Katanga neno lilibaki katika maana yake ya zamani, watu wa nyumba moja. Jamaa Takatifu ni Yesu, Maria na Yosefu. Na wale wa Ruwe, walioacha jamaa zao za damu mbali, walijiita hivyo bila kuongeza kitu.

Sasa ingia katika chumba cha mafundisho, kiwe cha Ruwe au cha Kikula. Chumba ni kidogo, na viti vingine vimeazimwa kwa jirani. Mume na mke wanaofundisha wameketi bega kwa bega, wakiwatazama wageni. Kwa macho yetu si kitu. Katika kampi ya miaka ile, ambako mke alipokea wageni kisha akarudi jikoni, viti viwili vilivyowekwa sambamba vilikuwa tayari ni somo. Wanaimba. Kisha baba anaanza mbali, kama mafundisho ya Jamaa yapendavyo kuanza: kabla ya jua na udongo, Mungu alikuwa na mawazo, na katika mawazo yale kila mtu alikwishakuwamo, hakuna aliyekuja duniani kwa bahati. Anauliza, wanajibu, anauliza tena. Katikati ya sentensi mama analipokea neno na kuendelea nalo, si kama msaidizi, bali kama mtu anayesimulia safari aliyokwenda mwenyewe. Anasema walivyokuwa kabla, yeye na huyu mumewe: nyumba moja, mawazo mawili. Mume alikuwa na mambo yake, mke alikuwa na yake, na kila mmoja alimjua mwenzake kama mtu anavyomjua mpangaji wa chumba cha pili. Halafu kazi yote ya kujifunza kuambiana, kidogo kidogo, mpaka pasibaki chumba kilichofungwa.

Majirani waliwajua watu wa Jamaa kwa mambo yaliyoonekana madogo. Walikula pamoja, mume na mke, bukari moja, ndio ugali, na sombe moja, ndicho kisamvu. Walitembea sambamba barabarani. Walisema "mama" na "baba" kwa namna iliyowafanya wengine wageuze shingo. Walitembeleana mno, hadi usiku, na wake wa kambini walioachwa nje ya duara hilo walisema maneno. Hata ndoto walisimuliana, wakaziona kuwa mahali pa kukutana.

Hakuna aliyeingia kwa kujiandikisha. Wawili waliwaendea wawili, wakawafundisha kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Kulikuwa na njia tatu, na kila moja ilifungwa kwa usiku wake ambao wenyewe hawausimulii ovyo, nami sitajaribu kuusimulia. Linalojulikana wazi ni kwamba hukuweza kupanda njia inayofuata mikono mitupu: ulipaswa kuwa umezaa, kuwa na watoto wako uliowaleta. Na padri aliyetaka kuwa wa Jamaa alipita mlango huohuo. Kanzu haikumpa njia ya mkato. Alipaswa kuketi kwenye kiti cha kuazima na kuzaliwa na mwendesha mtambo pamoja na mkewe.

Hapo naona jibu lote ambalo Jamaa ingeweza kumpa Césaire, kama lipo. Mishahara haikupanda kwa sababu yake, na kuna waliosema kwamba kampuni ilipenda wafanyakazi wanaopatana na wake zao na wasiolewa. Ni kweli pia. Lakini katika nchi ambayo Mzungu aliitwa bwana kwa sheria na kwa fimbo, palikuwapo vyumba ambamo padri Mzungu alikuwa mtoto, na baba yake wa imani alikuwa Mluba mwenye kucha nyeusi za grisi. Hilo lilitokea kabla ya uhuru, na hakuna aliyeliamuru.

Jamaa ilisafiri kwa reli na kwa karatasi za uhamisho. Fundi aliyehamishwa kutoka Kolwezi kwenda Jadotville alibeba kitanda, sufuria na ukoo wake wa imani, na kabla ya mwaka kwisha palikuwa na nyumba Panda au Shituru ambako taa haikuzimwa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwamo katika miji yote ya shaba. Kisha ukaja uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye mwanasiasa Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Septemba 1961 vita vilifika Jadotville yenyewe: kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa, watu wapatao 155, kilishambuliwa asubuhi ya tarehe 13 wengi wao wakiwa kwenye Misa, kikapigana siku tano mpaka maji na risasi vikaisha. Waluba wa Kasai walikuwa wameanza kukimbia au kufukuzwa, na wengi walielekea Bakwanga, ndiyo Mbuji-Mayi ya leo. Miongoni mwao walikuwamo baba na mama wa Jamaa. Walipofika huko walifanya walichokijua, wakaketi wawili wawili wakaanza mafundisho. Jamaa ilifika Kasai ndani ya mizigo ya wakimbizi.

Mwaka 1962 Tempels aliondoka Kongo, akiwa mgonjwa, na hakuruhusiwa kurudi tena. Mwezi Oktoba mwaka huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa, nao mwaka 1964 ulitamka kwamba waumini wote, wenye ndoa na wenye nadhiri, wanaitwa kwenye utakatifu. Watu wa Ruwe walikuwa na miaka 11 katika shughuli hiyo. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuamua 1961 kujenga Kanisa juu ya jumuiya hai za mitaani. Wale wa Afrika Mashariki walifikia uamuzi kama huo katika miaka ya 1970. Msomaji wa Nairobi au Mwanza anayekwenda jumuiya ndogondogo kila wiki, akakaa kwenye mkeka wa jirani na Biblia mkononi, ana ndugu wakubwa katika kampi za Katanga ambao pengine hajawahi kusimuliwa habari zao.

Ukurasa unaofuata ni mchungu, na kumbukumbu inayouruka si kumbukumbu. Kitu kinachoishi kwa kufundishwa mdomoni, usiku, bila katiba, hakina ukuta. Katika miaka ya 1960 yalitoka makundi yaliyochukua maneno ya umoja na mapendo yakayapeleka kusikotakiwa, hadi kwenye miili ya wake na waume wa watu. Yaliitwa Katete. Wengi katika Jamaa waliyakataa kwa nguvu, lakini nje hawakutofautishwa. Mapadri walilalamika kuwa wana-Jamaa wanajitenga, kwamba mafundisho yao hayapimwi na mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wa eneo hilo, akiwamo Eugène Kabanga, askofu mkuu wa Lubumbashi ambaye Likasi ilikuwa chini yake, waliwataka wana-Jamaa waape kuacha yaliyokatazwa na kumtii askofu. Aliyekataa alinyimwa sakramenti.

Fikiri juu ya mume na mke wa Panda siku hiyo. Kwa miaka 15 wamefundishwa kwamba hawatatengana katika wazo lolote, na kwamba Kanisa ni mama yao. Sasa mama anawauliza kama wanampenda, kwa karatasi. Wengi waliapa wakabaki. Wengine walikataa na kukaa nje, wakiendelea kusali majumbani mwao, wakijiona kuwa ndio waaminifu. Zipo nyumba ambamo mmoja alitaka kuapa na mwenzake hakutaka. Na hakukuwa na njia katika zile tatu iliyowaandaa kwa usiku huo. Simhukumu askofu aliyeona kundi lake likipotea gizani, na siwezi kuwaona wale waliokaa nje kuwa waasi. Waliambiwa wajitoe wazima, wakajitoa.

Kabanga huyohuyo, katika miaka ya 1970, utawala wa Rais Mobutu ulipokuwa umewafanya watu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kuwa wa kukanyagwa na kila mwenye cheo, aliandika barua ya kichungaji aliyoipa jina Je suis un homme. Mimi ni mtu. Wana-Jamaa wa rika lile walikuwa wameanza na swali la neno hilo: muntu, yaani mtu, ni nani? Sijasoma mahali popote kwamba askofu mkuu alilipata kwao. Natambua tu kwamba lilikuwa limekaa katika nyumba za waumini wake kwa miaka 20.

Kilichoandikwa juu ya Jamaa kimeandikwa zaidi na wageni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuja Katanga 1966, akaketi katika mafundisho na kuyarekodi, na kitabu chake cha 1971 kimehifadhi Kiswahili cha vyumba vile kwa uangalifu ambao sisi wenyewe hatukuuonyesha. Mjesuiti Willy De Craemer alifuata na chake mwaka 1977. Mwaka huo, mwezi Oktoba, Tempels alifariki Ubelgiji. Alikuwa ameishi miaka 15 mbali na watu waliomwita Baba Placide.

Waliobaki Likasi walikuwa na safari nyingine mbele. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Miaka michache baadaye ilikuwa ikitoa sehemu ndogo tu ya hizo. Posho ikakoma. Shule za kampuni zikavuja. Mwaka 1992 chuki ya kisiasa ikawashwa upya dhidi ya watu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga hiyohiyo, na kituo cha reli cha Likasi kikawa kampi: maelfu ya familia zilizofukuzwa majumbani zililala kwenye majukwaa na chini ya maturubali kwa wiki na miezi, zikingoja treni ya kwenda nchi ambayo watoto wao hawakuijua. Wengi walikufa pale au njiani. Ukoo wa Jamaa haukuwahi kufuata kabila. Mtu wa Likasi mwenye mama Mkasai na watoto Walunda katika imani alitazama reli ikipita katikati ya ukoo wake. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya kuondoka, na wazee wengi waliomaliza miaka 30 kazini walijikuta na nyumba, bustani ya mihogo nyuma ya nyumba, na wenzi wao.

Jamaa ilikuwa imefundishia hapo tangu mwanzo. Kampuni iliyowaleta wawili hao pamoja kwa hesabu zake ilikuwa imeondoka, padri aliyewauliza swali alikuwa amekufa, maaskofu walikuwa wamebadilika mara kadhaa, na uamsho wa karismatiki pamoja na makanisa ya ngoma na vipaza sauti ulikuwa umewachukua vijana. Kilichobaki ni viti viwili.

Katika Katanga bado wapo wanaofundisha hivyo, ndani ya Kanisa Katoliki na kwa ruhusa yake, wengi wakiwa na mvi. Huwa wanaanza kwa ukoo. Mama anamtaja mama yake na baba yake wa Jamaa, baba anaongeza jina la kampi na la mgodi, wanarudi nyuma pamoja, mmoja akisahau mwingine anamkumbusha, kutoka Shituru kwenda Panda, kutoka Panda kwenda Kolwezi, kutoka Kolwezi kwenda Ruwe, kwa Baba Placide. Mgeni hudhani mlolongo umefika mwisho. Kumbe hata Baba Placide hakujizaa. Aliwaendea watu akiwa bwana, akauliza, akajibiwa. Na waliomjibu walikuwa baba mmoja na mama mmoja, katika nyumba ya kampuni, jioni, baada ya kazi.